Tangazo la Bernadeta

Sauti ya Bernadeta ilizunguka mtaa wa Pasiansi, Mwanza, kila siku kuanzia saa tatu asubuhi. Mwenyewe angekuwa darasani, au amejilaza hosteli na miguu imemvimba kwa mazoezi, na huku nje gari la matangazo likipita polepole, spika mbili juu ya paa:

"Mimi ni Bernadeta Ndalahwa, mfungaji wa timu ya netiboli ya Chuo cha Mwambani. Watu wananiuliza, Deta, nguvu hizi unazitoa wapi? Mimi natumia Shina la Afya. Bibi yangu alisumbuliwa na kisukari miaka kumi na miwili, akachomwa sindano mpaka ngozi ikawa ngumu. Alikunywa Shina la Afya chupa nne tu, akaachana na sindano. Leo bibi analima."

Bibi yake mzaa mama alikuwa Sengerema na hakuwahi kuumwa kisukari hata siku moja. Mzaa baba alikufa kabla Bernadeta hajazaliwa. Maneno yote yaliandikwa kwenye karatasi na Jonathan Shimba, mfanyabiashara wa dawa za mitishamba mwenye duka Nyamagana, karibu na soko. Bernadeta aliyasoma mara moja, amesimama katikati ya maboksi ya chupa stoo kwake, simu ya kurekodi imesogezwa mdomoni.

"Kaka Jonathan," aliuliza kabla ya kusoma, "hii ya bibi mbona siyo kweli?"

"Mdogo wangu, hilo ni tangazo. Kila mtu anajua tangazo ni tangazo."

Alisoma. Mwezi ule pamba ya baba yake ilikuwa imeozea shambani kwa mvua, na chuo kilikuwa kimemtoa kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya ada, mbele ya wenzake. Jonathan alimwona uwanjani akifunga mabao arobaini na moja peke yake, akamfuata na mkataba. Alimlipia ada ya muhula ule, akaahidi kulipa na ya muhula unaofuata. Timu nzima aliishonea jezi mpya zenye maandishi ya Shina la Afya kifuani. Bernadeta alirudi chumba cha mtihani siku ya pili yake, na kwa muda wa miezi miwili alitembea kichwa juu.

Lakini kabla ya Jonathan alikuwapo Ma Eugenia.

Ma Eugenia alikuwa mjane wa Kihaya, mtu wa Muleba, aliyeletwa Mwanza na mume aliyefanya kazi melini. Mume alikufa, yeye akabaki, hana mtoto. Aliuza uji wa ulezi na vitumbua kando ya uwanja wa chuo. Mwaka wa kwanza, Bernadeta alikuwa anamaliza mazoezi na kunywa maji ya bomba tu, na asubuhi moja yule mama alimwita: "Wewe mrefu, njoo hapa." Akamwekea uji kwenye kikombe kikubwa cha bati, na tangu siku hiyo hakupokea hela yake hata mara moja. Yeye ndiye aliyepita kwa wauza samaki, kwa mafundi cherehani na kwenye saluni za akina mama kumchangishia raba za kuchezea. Yeye ndiye aliyewakusanya wale wanawake wakashona vitenge sare na kununua ngoma. Siku ya mechi sauti yake ilikuwa juu ya zote: "Huyo ni wangu! Mmeona? Huyo ni wangu!"

Naye alikuwa na kisukari. Sindano zake alizihifadhi kwa Noela, fundi cherehani wa jirani mwenye friji, na mara nyingi Bernadeta ndiye aliyetumwa kwenda kuzichukua.

Jumanne ya wiki ya fainali, baada ya mazoezi, Bernadeta alikaa kwenye benchi la Ma Eugenia kama kawaida.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba, mwana wange. Kunywa uji, umekauka."

Ma Eugenia mwenyewe alikuwa anakunywa maji. Alimaliza kikombe, akajaza kingine, akamaliza, akajaza cha tatu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa kipande cha kitenge.

"Mguu una nini, Ma?"

"Kidole tu. Kiatu kimenichubua. Kitapona."

"Leo sikukuletea sindano. Nani amekuletea?"

Ma Eugenia akacheka. Akainama chini ya meza, akainua chupa ya kijani yenye picha ya Bernadeta ameshika mpira. "Sindano za nini tena? Wiki ya tatu sasa nimeacha. Noela nimemwambia ile nafasi kwenye friji aweke samaki wake."

Bernadeta aliweka kikombe chini. "Ma. Nani alikwambia uache?"

"Si wewe."

Alilisema hivyo hivyo, bila lawama, kama mtu anayekumbusha jambo zuri. Bernadeta alitazama huku na huku, akasogea karibu, akasema kwa sauti ndogo:

"Ma, nisikilize. Ile habari ya bibi siyo kweli. Bibi yangu hajawahi kuumwa kisukari."

"Yule wa Sengerema?"

"Ndiyo."

"Basi ni yule wa upande wa baba."

"Yule alikufa zamani, Ma. Niliandikiwa. Nikasoma tu."

Ma Eugenia alikoroga uji kwa muda. "Nani amekutisha?" akauliza. "Chuoni wana wivu, eh? Wamekuona unang'aa wanataka uharibikiwe."

"Hakuna aliyenitisha. Nilidanganya."

"Usiseme hivyo!" Mwiko uligonga sufuria. "Mtoto niliyemlisha kwa mkono huu hawezi kupita barabarani mchana akadanganya watu wazima. Mimi nakujua. Na dawa inafanya kazi, naiona. Kiu hii, kukojoa huku, ni uchafu unatoka. Dukani waliniambia."

Bernadeta alimshika mikono. Alimwomba waende kupima tu, siku ile ile, yeye atalipa nauli. Ma Eugenia alikataa. Alimwomba tena, machozi yakimtoka, mpaka wateja wakaanza kugeuka. Mwisho yule mama akalainika kidogo.

"Jumatatu," alisema. "Jumamosi nina kazi ya kukushangilia. Jumatatu utanipeleka wewe mwenyewe, wapime, waone nimepona. Tumeelewana?"

Bernadeta aliitikia. Na ukweli ambao baadaye ulimtafuna ni huu, kwamba alipoitikia alipumua. Alijiambia Jumatatu si mbali.

Kesho yake alikwenda Nyamagana. Jonathan alikuwa nyuma ya kaunta, amevaa miwani, anabandika lebo kwenye chupa kwa mkono wake mwenyewe.

"Kaka, naomba lile tangazo lisimame. Kuna mama ameacha sindano kwa sababu yangu."

"Ameacha kwa sababu anapona."

"Haponi. Mguu una kidonda, anakunywa maji kama ng'ombe."

Jonathan alivua miwani. "Sikiliza, mdogo wangu. Mama yangu mzazi alirudishwa nyumbani afe. Tukamnywesha hii. Akaishi miaka minne. Minne! Wewe umesoma nini hata uje kuniambia haiponyi?" Macho yake yalikuwa yamelowa, na Bernadeta aliona kwamba hakuwa anaigiza. Hilo lilimwogopesha zaidi. "Gari limeshalipiwa mpaka mwisho wa mwezi. Ukitaka kuvunja mkataba, vunja. Nirudishie ada, nirudishie na jezi za timu, na ile ya muhula ujao usahau. Jumamosi mtacheza mmevaa nini, shauri yenu."

Alhamisi alimfuata kocha wao, Mwalimu Shigela. Alikuwa mtu mpole, aliyekuwa akiwapigia wachezaji wake nguo pasi kabla ya safari. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Deta, mna fainali," alisema. "Wenzako wengine nao hawana ada. Wakubwa wa vyuo na wafadhili watakuja kuangalia, huenda wawili watatu wakapata bahati kama yako. Ukilipua hili leo, unawalipua wote. Jumatatu mimi nitakwenda na wewe kwa huyo mama, na kwa Jonathan nitakwenda. Siku tatu nne zitaharibu nini?"

Ijumaa Bernadeta alimaliza mazoezi akapitia njia ya nyuma, kwenye mawe, ili asipite kwenye benchi la Ma Eugenia. Hakujua amwangalie vipi. Uji wa siku ile hakuunywa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wanawake wa Pasiansi walikuja na vitenge vyao na ngoma, wakajipanga upande wa kivuli. Bernadeta aliwatazama mmoja mmoja wakati wa kupasha misuli. Ma Eugenia hakuwapo.

Robo ya kwanza alifunga kumi na mbili. Robo ya pili tisa. Kila alipofunga aligeuka kule kwenye ngoma, na ngoma zililia, lakini ile sauti ya juu ya zote haikusikika. Mapumziko yalipofika hakwenda kwenye maji. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwa Noela.

"Ma yuko wapi?"

"Nimempitia asubuhi, bado alikuwa kitandani. Kasema tutangulie, amechoka kidogo, atakuja na bajaji."

"Asubuhi saa ngapi?"

"Saa mbili hivi. Kwani vipi?"

Saa ilikuwa inakaribia kumi. Pembeni ya uwanja gari la matangazo lilikuwa limeegeshwa, na katika mapumziko yale dereva aliwasha spika. *Leo bibi analima*, ikasema sauti ya Bernadeta juu ya vichwa vya watu wote, na watu wakampigia makofi.

Filimbi ililia. Robo ya tatu ilianza. Mpira wa kwanza alikosa. Wa pili alikosa. Alipopewa wa tatu aliushika kifuani, hakurusha. Mwamuzi alipuliza. Mwalimu Shigela alipiga kelele, "Deta! Rusha! Unafanya nini?" Yeye akauweka mpira chini taratibu, akavuka mstari, akaanza kukimbia. Alipita kwenye ngoma, akapita getini. Nyuma yake aliwasikia watu wakizomea.

Mlango wa Ma Eugenia ulikuwa umerudishiwa tu. Alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, amevaa kitenge cha sare. Alikuwa amejiandaa aje uwanjani. Alipumua kwa haraka kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilikuwa na harufu tamu, kama matunda yaliyooza. Alimtazama Bernadeta akamwita jina la mtu ambaye Bernadeta hakumjua, akaendelea kusema Kihaya. Kile kitambaa cha mguuni kilikuwa kimelowa. Bernadeta alikifungua, akakifunga tena. Kidole kilikuwa cheusi, na weusi ulikuwa umeanza kupanda.

Alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Bajaji ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita. Alisimama katikati ya barabara, ya tatu ikalazimika kusimama.

Hospitali, daktari mmoja kijana aliuliza maswali huku anaandika. Ana kisukari? Anatumia nini? Aliacha lini?

"Wiki tatu na siku kadhaa."

"Nani alimshauri aache?"

"Mimi," alisema Bernadeta.

Daktari aliinua macho kumjibu kwa ukali. Akaona jezi, na maandishi yaliyokwenda kutoka bega hadi bega. Akayasoma. Akarudi kwenye karatasi yake, hakumwuliza kitu kingine.

Mguu ulikatwa Jumatatu, chini kidogo ya goti. Ilikuwa Jumatatu ile ile waliyopanga kwenda kupima.

Wanawake walikuja kwa zamu. Bernadeta aliwaambia yote pale pale kwenye veranda ya wodi, bila kuficha kitu, ya karatasi ya Jonathan na ya Jumanne na ya Ijumaa alipopita njia ya nyuma. Aliyajua tangu Jumanne, alisema. Noela alimsikiliza ameshika kapu la chakula. Kisha akasema, "Ulijua siku nne? Siku nne tunapita mlangoni kwake, unatuona, umenyamaza?" Akampa mgongo. "Toka hapa. Toka nisije nikakupiga mbele ya wagonjwa."

Fainali chuo kilikuwa kimefungwa kwa tofauti ya mabao saba. Mwalimu Shigela alipoitikia salamu yake alitazama pembeni. Kama ilikuwa hasira au aibu, Bernadeta mwenyewe hakujua.

Jumatano, akirudi kutoka hospitali, aliisikia tena sauti yake mwenyewe. Ilitoka upande wa sokoni, changamfu, ya msichana asiye na shida. Alianza kutembea kuifuata, halafu akakimbia. Gari lilikuwa linakwenda polepole lakini halikusimama, likakata kona mbili, likapanda kilima, naye nyuma yake huku wauza nyanya wakicheka na kumshangilia, wakidhani ni sehemu ya tangazo. Alilipata mbele ya duka la vinywaji ambapo lori lilikuwa limeziba njia likishusha kreti. Akapiga kioo kwa viganja viwili.

Dereva, mtu wa makamo aitwaye Machibya, akashusha kioo. "Dada Deta! Karibu."

"Zima."

"Mimi dereva tu, dada. Nimelipwa mpaka mwisho wa mwezi. Ongea na bosi."

"Kaka, zima. Mtu amekatwa mguu. Hiyo dawa haiponyi kisukari. Nilidanganya."

Machibya alimtazama. Mkono wake uliteremka kwenye redio, lakini haukubonyeza. "Haiponyi kisukari," alisema polepole. "Na presha?"

"Haiponyi. Sijui. Sijui inaponya nini, kaka, mimi sijawahi hata kuinywa."

"Mama mkwe wangu ameacha vidonge." Kisha akachomoa flashi, na mtaa mzima ukawa kimya ghafla, lori tu likinguruma. Akafungua kabati la mbele ya gari, akatoa maiki yenye waya mrefu, akampitishia dirishani. "Sema wewe. Mimi siwezi."

Bernadeta hakuwa na karatasi safari hii. Alisema jina lake. Alisema bibi yake hakuumwa, hakukuwa na chupa nne, hakukuwa na kitu. Alisema kuna mama yuko wodini hana mguu. Alisema, "Kama umeacha dawa za hospitali kwa sababu yangu, rudi leo. Usingoje kesho. Mimi nilingoja."

Watu walitoka madukani. Mwanamume mmoja akapaza sauti, "Ulilipwa shilingi ngapi utuue?"

"Ada ya muhula," alijibu, na maiki ilikuwa bado mdomoni, kwa hiyo jibu lilisikika mpaka chini sokoni.

Mama wa mgahawa alimmwagia maji ya vyombo. Yalimpata kifuani, na hakujifuta. Wengine walitukana. Lakini aliona pia kijana wa duka la simu akiacha mlango wazi, wateja wamesimama, anakimbia kuelekea nyumbani, na mzee mmoja akipiga simu: "Mama yenu amelala? Mwamsheni. Mwamsheni sasa hivi."

Jonathan hakumshitaki. Alifunga duka la Nyamagana siku chache baadaye. Ada ya muhula wa pili haikulipwa, na mwezi Mei jina la Bernadeta lilitoka kwenye orodha ya chuo. Baba yake alimpigia simu arudi Sengerema, kuna mihogo ya kupalilia. Mama yake mdogo akamwambia kwamba hata huko gari la matangazo limefika, lina dawa ya chupa ya kijani na picha nyingine, sauti ni ya mwanamume. Bernadeta alikata simu akakaa chini kwenye ngazi za hosteli, mizigo pembeni.

Hakurudi Sengerema. Ma Eugenia aliporuhusiwa, Bernadeta alifika mlangoni kwake asubuhi na mapema, hakugonga, akachukua jiko nje akawasha moto, akaloweka unga. Noela alimwona kupitia dirishani na hakumfukuza. Wiki ya kwanza hakuna aliyenunua vitumbua kutoka mkononi mwake, alivimwaga. Wiki ya pili madereva wa bodaboda wasiojua habari walianza kununua. Ma Eugenia alikaa ndani kwenye kiti, mlango wazi, akimtazama. Hakumwita mwana wange. Alichosema kilikuwa "moto umezidi," au "hiyo chumvi nyingi," na siku nyingine hata hicho hakukisema. Usiku Bernadeta alilala kwenye mkeka jikoni. Mara mbili alisikia yule mama akilia taratibu, akisugua mahali ambapo mguu haupo, na hakuthubutu kuingia.

Siku ya kliniki alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima kutoka parokiani, mpaka hospitali. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yao ilipofika, mwandishi wa kadi, dada mgeni, alijaza jina na umri, halafu akauliza bila kuinua kichwa:

"Na huyu aliyekuleta ni nani wako?"

Watu wa nyuma walisogea kusikiliza. Bernadeta alishika mikono ya kiti akaangalia sakafu.

"Huyu ndiye aliyenikata mguu," alisema Ma Eugenia.

Mwandishi aliinua kichwa. Kalamu ilibaki hewani.

"Andika jirani," akasema yule mama. "Na umtafutie kiti. Amesimama tangu asubuhi."